Nilivyoufunga Mkutano wa Watu wa Sola

Kwenye kisa hiki mjinga ni mimi, na bora niseme mwenyewe kabla hujaambiwa. Ningeweza kukisimulia nikajipaka poda kidogo, lakini nusu ya mtaa wetu wa Langoni, hapa Lamu, walikuwepo ukumbini siku ile, na ile nusu ambayo haikuwepo ndiyo inayokijua zaidi. Kuna wanaosema nilimbusu meneja wa kampuni ya sola kwenye paji la uso. Uwongo. Kuna wanaosema nilimwombea dua. Uwongo pia, ingawa ilikuwa inamfaa.

Kazi yangu ni kuchora. Shule niliishia darasa la nane, na hata huko nilichokuwa najaza vizuri ni pembeni mwa daftari, sio katikati. Naandika majina ya maduka, naandika ubavuni mwa maboti, na tangu nipate simu ambayo kioo chake kimepasuka upande mmoja tu, natengeneza na yale matangazo ya kutumiana: harusi, biriani ya Ijumaa, punda aliyepotea. Punda niliyemtengenezea tangazo alirudi mwenyewe kabla sijamaliza kumtia rangi masikio.

Pa kufanyia kazi nilikuwa napo kwa hisani ya mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ana karakana ya milango ya nakshi hapa Langoni. Alinipa pembe moja karibu na dirisha. Mjomba ni mtu wa maneno machache, na katika hayo machache mengi yanahusu msasa. Siku moja, huku anapima mlango mkubwa alioagizwa na nyumba moja ya Shela, akaniambia bila kuniangalia kwamba mlango ule ukitoka, pembe yangu anaitaka. Kuna mbao zinakuja, hana pa kuziweka. Na mimi ananitaka kwenye msasa, asubuhi mpaka magharibi. Kuchora nitachora Ijumaa baada ya sala.

Nikamuuliza kama hakuna njia nyengine. Akasema ipo: nipate mtu wa kunipa kazi inayojulikana. Sio leo kibao, kesho jina la boti, keshokutwa nimekaa nawahesabia punda nyayo.

Msasa naujua. Niliufanya miezi mitatu nilipotoka shule. Unapiga chafya inatoka mbao. Basi ule mlango ukawa ndio saa yangu. Kila asubuhi nikifika, kabla ya salamu, naangalia mjomba amefika wapi. Maua ya upande wa kushoto, tayari. Maua ya upande wa kulia, bado kidogo. Nilikuwa namwombea mjomba afya njema na patasi butu.

Hapo ndipo nilipoanza kuhudhuria mikutano ya makampuni. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kampuni za Mombasa na Nairobi haziji Langoni kutafuta mchoraji, lakini zinakuja kutafuta watu. Kila baada ya muda utaona hema limesimamishwa, spika zimepangwa, na kijana mgeni anatuuliza kwa kelele kama tuko sawa, na sisi tuko hatua tatu mbele yake. Wanajitambulisha, wanaeleza bidhaa, wanagawa fulana. Wenzangu wanakwenda kwa soda. Mimi nikasema, hawa watu wana mabango mabaya, na mtu wa kuwachorea mazuri yuko hapa hapa. Kinachokosekana ni kujuana tu.

Nikahudhuria kila kitu. Nilihudhuria mkutano wa mbolea, na shamba sina. Nilihudhuria wa maziwa ya watoto wachanga, nikakaa nyuma kimya mpaka nikaulizwa wangu ana miezi mingapi. Nguo zote nilizokuwa nazo zikawa za kampuni. Mama akasema hana tena mtoto, ana tangazo linalokula.

Lakini kazi sikupata, kwa sababu nilikuwa naongea na watu siwo. Kwenye mkutano wa kampuni ya simu, pale ufukweni, nilimfuata yule mwenye maikrofoni, nikamwonyesha picha zangu moja baada ya moja. Alizipenda sana. Kumbe yeye mwenyewe amekodiwa kwa siku moja na anatafuta kazi kama mimi. Tukabadilishana nambari, wasio na kazi wawili. Nikapanda boti mpaka Faza kwenye mkutano wa benki, nikamganda mzee mwenye tai aliyeketi katikati ya meza. Kumbe ni mwalimu mkuu, amealikwa kupendezesha meza. Aliniuliza kama naweza kumchorea mfumo wa chakula tumboni, ukutani, darasa la sita. Nilimchorea. Watoto wa Faza sasa wanajua chakula kinapopita. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya siku moja.

Niliporudi kutoka Faza nilikuwa nimejifunza kitu kimoja: mwenye kauli sio anayekaa katikati. Mwenye kauli ni yule anayekaa pembeni kabisa, mwenye karatasi mkononi, anayenyanyuka kila dakika kwenda kuangalia waya, na ambaye soda yake inapata joto hajaigusa. Huyo ndiye anayejua bango linachorwa na nani.

Mlango wa mjomba ulikuwa umebaki ubao wa juu peke yake wakati tulipotangaziwa mkutano wa kampuni ya sola. Wanaleta friza la kutumia jua, la kugandisha barafu na kuhifadhi samaki. Nikasema kwa hawa sendi mikono mitupu. Nikatafuta kipande cha mbao nyembamba, nikachora friza, na ndani yake samaki changu amelala chali, amejifunika shuka mpaka kifuani, uso wa mtu aliyelipiwa hoteli Shela. Mjomba akaja akaitazama. Nikamwambia twende wote. Akasema yeye ana sukari, soda za watu hazimhusu.

Rangi ya changu ikakataa kukauka. Nikasubiri, nikapepea, nikapuliza. Mwisho nikavaa kanzu, nikaitia mbao kwapani, nikaenda hivyo hivyo. Nilipofika ukumbini mkutano ulikuwa umeanza na viti vimejaa. Mbele kuna meza kuu yenye watu saba. Meneja wa kutoka Nairobi amesimama katikati anaongea. Pembeni mwa meza, friza jeupe limefungwa utepe mwekundu, ndilo lingefunguliwa baadaye watu waone barafu. Na mwisho kabisa wa meza, upande wa kushoto, mwanamke mwenye karatasi mkononi, jicho kwenye waya, soda haijaguswa. Nikasema, huyu hapa.

Kosa likafanyika hapo, na nataka ulielewe, maana nililifanya kwa akili timamu.

Mlango wa kuingilia uko upande wa kulia wa meza. Ili nimfikie yule Bi, lazima nipite mbele ya watu sita. Na kwetu hupiti mbele ya watu wazima waliokaa ukaenda kumsalimu mtu wa mwisho. Ukisalimu unaanza kulia, mkono kwa mkono, mpaka umalize. Ukimruka mmoja umemtukana, na kabla ya Adhuhuri mama yako keshaulizwa amekulea vipi. Mtu mwenye busara angekaa nyuma asubiri. Mimi nilikuwa na ubao mmoja wa mlango umebaki. Nikanyoosha mkono kwa mtu wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa chifu, akanipa mkono. Wa pili akanipa. Wa tatu akanipa huku ananiuliza kwa macho mimi ni nani. Nikafika kwa meneja, na meneja yuko katikati ya sentensi. Hapo nifanye nini? Nikasimama na mkono wangu hewani. Meneja akaangalia mkono, akaangalia watu, akahamisha maikrofoni kushoto, akanipa mkono. Nikamsalimu salamu kamili, ya asubuhi na ya afya na ya nyumbani, na spika zikaitoa yote mpaka nje.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasukumwa. Halafu viti viwili. Halafu viti.

Kama umewahi kuhudhuria nikaha hapa kwetu, unajua. Mambo yakishakwisha pale mbele, mtu mmoja ananyanyuka, anapita kuwapa mikono walioketi, na wengine wote wanamfuata kwa mstari. Ule mstari ndio amina. Baada yake ni halwa na kahawa na kila mtu kwake. Hakuna anayetangaza. Watu wa Langoni wakiona mstari wa mikono hawaulizi, wanaingia.

Waliingia wote. Nilipofika kwa yule Bi, nikaweka mkono kifuani kwa adabu, nikafungua mdomo nijieleze, nikasukumwa na watu. Nikajibanza nyuma ya bango la kampuni. Kutoka pale nilichokuwa naona ni miguu tu: makubadhi, ndara, makubadhi, kiatu kimoja cha polisi. Na nilichokuwa nasikia ni meneja, bado ana maikrofoni mkono wa kushoto, anasema asante, asante sana, karibuni, kama mtu aliyekuja kueleza friza akakuta anaozeshwa. Mzee mmoja akamwombea Mungu ampe kizazi chema. Spika zikaitoa na hiyo. Nikaapa pale nyuma ya bango kwamba nitamtafuta yule mtu wa kwanza aliyesukuma kiti, nimjue, na sitamsamehe.

Kila aliyemaliza mikono alichukua soda yake mlangoni akaenda zake. Muda mfupi tu ukumbi ulikuwa mtupu. Friza limekaa na utepe wake, hakuna aliyelifungua. Hotuba ilikuwa haijafika hata kwenye bei.

Bango likasogezwa. Yule Bi akaniangalia kuanzia kofia mpaka miguu.

"Wewe ndiye ulianza?"

Ningekana. Lakini kanzu ilikuwa na changu wa buluu amejichapa kwapani.

"Ni mimi, Bi."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nakuja kwako."

Akakaa juu ya kreti tupu ya soda. Sikumwona kukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza polepole kwamba lile friza limetoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, likapakiwa boti, na yeye ndiye aliyewabembeleza wakubwa zake kwamba visiwani kuna watu wa kulinunua. Kesho saa sita wanaondoka. Asiporudi na majina ya watu wanaolitaka, huku hatarudi tena, na safari ijayo hatakuwepo mtu wa kuja Lamu. Akaniuliza kama naweza kuwaita wale watu warudi.

Nikamwambia hawarudi. Mtu akishapewa mkono na soda ameagwa. Lakini baada ya Alasiri wote watakuwa wamekaa barazani kwao, hawana pa kwenda. Twende tuwafuate.

"Na friza?"

"Linabebeka, Bi. Huku watu wanabeba mpaka makabati ya bibi harusi."

Meneja alikuwa ameshakwenda kula. Yule Bi akatazama karatasi yake isiyo na jina hata moja, akatazama mbao yangu. Changu alikuwa amefutika nusu, lakini shuka lake lilikuwa zima. Ndipo nikamwomba kitu cha pili, kabla moyo haujanirudi nyuma: anipe ruhusa nichore juu ya friza lenyewe. Lilikuwa jeupe, kubwa, halina kitu isipokuwa maandishi madogo ambayo hata mimi mwenye macho makali sikuweza kuyasoma.

"Hilo ni la maonyesho. Rangi itafutika?"

Nikasema itafutika. Mpaka leo haijafutika vizuri, lakini siku ile nilikuwa naamini.

Nikachora mchana kutwa, nimepiga magoti ukumbini. Mbele nikamchora changu na shuka lake. Ubavuni nikachora jua linamwaga mwangaza kwenye paneli ya sola juu ya paa, waya unashuka, na upande wa pili barafu inatoka. Hakuna neno hata moja. Vile vikaratasi vyao vya matangazo vilikuwa vimejaa maneno, na nilishaviona vikifungiwa bajia.

Baada ya Alasiri tukatoka: hamali wawili wamebeba friza, mimi mbele, yule Bi nyuma na karatasi yake. Ndia zetu, hivi vichochoro vya mtaani, ni nyembamba, kwa hivyo friza likija, wewe unaingia mlangoni kwa watu upishe. Hiyo peke yake ilikuwa tangazo. Baraza ya kwanza walivyoniona tu, mmoja akanyanyuka, akaninyooshea mkono, akauliza kwa sauti ya upole kama mkutano wa barazani nao umekwisha. Baraza ya pili wakajipanga mstari. Huko nako wakaanza kuniita Bwana Mkono. Nikawapa wote mikono, tukacheka, lakini sikuondoka. Kila waliponitania nilikuwa naligeuza friza kidogo wamwone changu, na kila aliyemwona aliuliza mbona samaki amelala vile.

"Ana baridi," nikawa nawaambia. "Mwekeni mkono mumpime."

Wakifungua wanakuta barafu. Hapo yule Bi anaingia na maelezo yake. Mvuvi mmoja, mtu mzima, akamuuliza: mvua ikinyesha siku tatu na jua hatulioni, samaki wake atalala na nini? Ukumbini asingeuliza swali lile mbele ya chifu. Barazani kwake aliuliza, akajibiwa, akauliza tena.

Lakini ambalo hatukulipanga ni milango. Tulikuwa tunapita nyumba moja, sauti ya mwanamke ikatoka ndani, inataka kujua kama lile friza linagandisha barafu za ukwaju. Huyo anauza barafu mlangoni kwake. Kule mkutanoni hakwenda, kwa sababu mbele walikaa wanaume, na anayeuliza kutoka nyuma hasikiki. Yule Bi akakaribishwa ndani. Mimi nikabaki nje na hamali. Tukakaa. Tukakaa sana. Alipotoka, karatasi ilikuwa na majina, na majirani walikuwa wamepitia mlango wa nyuma. Akaingia nyumba ya pili. Nyumba ya tatu walimwita wenyewe. Hamali mmoja akaniuliza kama yule mama ataolewa huku huku.

Kabla ya magharibi karatasi ilikuwa imejaa mbele na ameanza nyuma. Tukalirudisha friza ukumbini. Yule Bi akaniambia tutawasiliana.

Neno hilo nililijua. Nilishalisikia kwenye mikutano yote, pamoja na ule wa mbolea. Miguu ilitaka kuondoka kwa adabu, kama siku zote. Nikaikataza. Nikamwambia, kwa heshima, Bi, mimi nina mjomba anayeniuliza lini, na tutawasiliana sio siku. Nikamwambia nataka kuwachorea kila mnapokwenda, friza na kuta na matangazo ya simu, na nataka iandikwe. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka changu wa kwapani alikuwa anaogelea.

Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akachukua kikaratasi kimoja cha kampuni, akageuza nyuma, akaandika: Jumatano Faza, wiki inayofuata Shela, halafu kila mwezi, na kwamba mchoraji ni mimi. Akatia sahihi, akapiga na muhuri.

Nikaenda karakana moja kwa moja. Mlango wa Shela ulikuwa umekwisha. Umesimamishwa ukutani, ubao wa juu umekaa mahali pake, na mjomba anaupaka mafuta kwa kitambaa. Nikampa karatasi. Akafuta mikono, akaisoma, akaisoma tena, akaangalia muhuri kwenye mwangaza. Akanirudishia. Akasema basi zile mbao zitakaa uani, atazifunika na turubai.

Ilikuwa inatosha, ningenyamaza. Lakini nilikuwa na furaha, na mimi nikiwa na furaha naongea. Nikamsimulia yote, meneja na maikrofoni na kizazi chema. Nikamwambia bado nina deni moja la kulipiza: simjui yule mtu wa kwanza aliyenyanyuka nyuma yangu akaharibu kila kitu. Nikimpata namchora kwenye ukuta wa sokoni na masikio ya punda.

Mjomba akaendelea kupaka mafuta. Akamaliza ua moja, akaingia la pili.

"Ni mimi," akasema.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia alisema hendi, kwa ajili ya sukari.

"Nalikuya kutizama tu, nikaketi nyuma. Nalikuona umesimama pale mbele pekeyo, mkono uko yuu, watu wote wamekukodolea mato. Nikaona bora tuwe wawili."